SOMO: MASHINI IKISOMA VIBAYA, USIFUTE HARAKA

Ndugu wanafunzi, leo tuangalie Notepad, ile programu ndogo ya kuandika yenye kuwa ndani ya kompyuta za Windows tangu mwaka 1985. Kila toleo jipya linaleta mazuri, na pengine linaleta kosa pia. Juu ya nini tujifunze mambo haya? Kwa sababu mtu anaweza kufungua kazi yake, akaona takataka tupu, akaifuta kwa mkono wake mwenyewe. Kumbe kazi ilikuwa nzima!

1. Mwisho wa mstari

Kwenye mashini ya kuandika ya zamani, ukimaliza mstari unafanya kazi mbili: unarudi mwanzo, tena unasogeza karatasi mstari mmoja. Kompyuta ilirithi desturi hiyo. Alama namba 13 ni kurudi mwanzo, namba 10 ni kushuka mstari. Windows inaandika zote mbili. Unix na Linux zinaandika namba 10 peke yake.

Notepad ilijua tu zile mbili pamoja. Basi barua ya mistari 40 yenye kuandikwa kwa Linux ilionekana kama mstari mmoja mrefu sana. Je, barua iliharibika? Hapana. Alama zote zilikuwako, msomaji ndiye hakuzijua. Jambo hili lilitengenezwa mwaka 2018 katika Windows 10, yaani kisha miaka 33.

2. Kosa la kukisia

Herufi zetu, kila moja inatosha katika baiti moja. Maandishi kama Kichina yanaomba zaidi, kwa hiyo Notepad ilifundishwa kusoma pia baiti mbili mbili. Hayo ni mazuri. Lakini si kila faili inasema iliandikwa namna gani. Hapo Notepad ilikisia tu.

Katika Windows XP, ya mwaka 2001, watu waliandika sentensi fulani ya Kiingereza ya maneno manne: herufi 4, 3, 3 na 5. Walihifadhi, wakafunga, wakafungua tena. Waliona nini? Herufi za Kichina, ao visanduku vitupu!

Tuhesabu: herufi 15 na nafasi 3 ni baiti 18. Notepad ilizisoma mbili mbili, zikawa herufi 9 za kigeni. Hata baiti moja haikupotea. Kosa hilo liliondolewa katika Windows Vista.

Basi tuone: lile zuri la kusoma lugha nyingi ndilo lilizaa kosa.

3. Tufanye nini?

a) Ukiona takataka, usifute, wala usianze kuandika upya.
b) Fungua faili kwa programu ingine. Ao katika Notepad yenyewe, wakati wa kufungua, chagua namna ingine ya kusoma herufi.
c) Kabla ya kuamini toleo jipya, lijaribu kwa nakala, si kwa kazi yako ya pekee.
d) Tangu mwaka 2019, Notepad inaonyesha alama juu, karibu na jina la faili, kama hujahifadhi. Lakini alama inakumbusha tu. Kuhifadhi ni kazi yako.

MASWALI

1. Sentensi ina maneno matatu ya herufi 5, 4 na 5. Ikisomwa baiti mbili mbili, itatoa herufi ngapi?
2. Mwenzako anasema: «Faili yangu imekufa.» Utamuuliza nini kwanza?