Jenerali Mathews na Moto wa Witu

Swali: Mwalimu, huyu Jenerali Mathews alikuwa nani?

Jibu: Lloyd Mathews alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1877 Sultani Barghash wa Unguja alimkabidhi kazi ya kuunda jeshi jipya. Akapanda hadi brigedia jenerali, na mwaka 1891 akawa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani.

Swali: Alifikaje huku kwetu Tana?

Jibu: Mwaka 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza nchi ya Witu bila Fumo Bakari, mtawala wake, kuulizwa. Septemba, Mjerumani Andreas Küntzel, aliyekuja kupasua mbao, alizozana na watu wa Witu. Risasi zikalia langoni, naye na wenzake wakauawa. Mwezi uliofuata manowari za Admirali Fremantle zikashusha askari Kipini, hapa mdomoni mwa mto Ozi, wakiwamo wa Mathews. Tarehe 27 Oktoba Witu ikatekwa na kuchomwa moto. Fumo Bakari alifariki Januari 1891, akiwa bado anasakwa kwa zawadi ya rupia 10,000.

Swali: Lakini wapo wanaomsifu kwa kupiga vita biashara ya watumwa.

Jibu: Baharini, ndiyo, sifa anastahili. Nchi kavu mambo yanageuka. Misitu ya Witu ilikuwa kimbilio la watoro, yaani watumwa waliowatoroka mabwana zao mashambani. Agosti 1893 Mathews alikuwa kwenye msafara uliovamia maboma ya Pumwani na Jongeni, ngome za Fumo Omari, kiongozi wa Witu baada ya Fumo Bakari, na watoro hao walikuwamo ndani. Mtu anayemwita mkombozi anieleze hapo. Ila nisiwapambe watu wa Witu: Wapokomo wa mtoni waliwahi kuvamiwa na kutekwa nao, na kwa wengi wao kuanguka kwa Witu hakukuwa msiba.

Swali: Je, alikuwa mwaminifu kwa Sultani?

Jibu: Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Waingereza ililibomoa kasri la Unguja ili kumng'oa Sultani Khalid. Mathews alikuwa upande wa Waingereza. Khalid huyo ni mtoto wa Barghash, yuleyule aliyempa Mathews jeshi. Kwangu hilo linatosha kujibu.

Mathews alifariki Unguja Oktoba 1901. Utumwa ulibaki halali katika pwani yetu hadi mwaka 1907.