Sungura Mchanga Ndani ya Nyumba: Lisikilize Tumbo Lake Kwanza

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Mbagala, umesema umemnunulia binti yako wa miaka sita sungura mchanga, wale wa masikio yaliyolala, akae nanyi ndani ya nyumba. Ni siku mbili tu, na tayari una mashaka matatu: anakula kwa kusuasua, anakimbilia nyuma ya kochi kila mtoto anapomsogelea, na sikio moja limelala huku la pili limesimama wima, hadi unahisi muuzaji kakupiga. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu wengi wetu tumekua tukimjua sungura wa bandani, wa kuuzwa na kuliwa. Huyu wa sebuleni anataka macho mengine.

Naanza na chakula, maana hilo halina subira. Utumbo wa sungura umeumbwa kufanya kazi usiku na mchana. Utumbo ukizubaa, gesi hujaa, tumbo huuma, maumivu humfanya asusie chakula zaidi, na mnyama mdogo hivyo anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo shika hili: sungura akipitisha saa 12 bila kula, au bila kutoa kinyesi, hiyo ni dharura. Usingoje kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Anayekula kidogo kidogo na bado anadondosha kinyesi, mara nyingi ni ugeni tu unamsumbua, lakini usimwondolee macho.

Ndiyo maana nakuomba ujifunze kusoma kinyesi chake. Asubuhi, kabla hujafagia, chuchumaa uangalie. Kinyesi kizuri ni vipira vikavu vya mviringo vinavyolingana. Ukikiminya kimoja kinavunjika na ndani unaona nyuzinyuzi za majani. Vikianza kuwa vidogo au vichache, tumbo linapunguza mwendo. Ukiona vingine laini, vinavyong'aa, vimeshikana kama kichala cha zabibu, usishtuke. Hivyo sungura huvila mwenyewe, tena huvipokea kwa mdomo vinapotoka, ili apate vitamini na protini ambazo mara ya kwanza zilimpita. Kuharisha majimaji ni habari nyingine kabisa. Kwa sungura mchanga kunaua upesi, na hapo tena safari ni ya kwa daktari.

Sasa umlishe nini? Majani, mdogo wangu, majani kwanza. Kila siku awe na nyasi kavu zisizokwisha. Kata ukoka au mabingobingo machanga mahali pasipopuliziwa dawa wala kupitiwa na mbwa, yaanike kivulini hadi yakauke na yanukie vizuri, yasiwe na ukungu. Nyasi ndizo zinazosukuma utumbo, na ndizo zinazosaga meno yake, kwa sababu meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Maji safi yawepo saa zote, katika bakuli zito asiloweza kupindua.

Rudi kwa muuzaji umuulize alikuwa anawapa chakula gani, uendelee na hichohicho kwanza. Ukitaka kubadilisha, changanya kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Muulize pia umri wa sungura, maana hafai kutenganishwa na mama kabla ya wiki 8. Mboga mbichi mwonjeshe moja moja, jani dogo, kisha subiri uone kinyesi kesho yake. Giligilani, matembele na kishona nguo ni vya kuanzia. Kabichi iache kwa sasa, hujaza gesi. Karoti ni sukari kwake, kipande kidogo siku mojamoja kinatosha, hata kama kwenye vitabu vya watoto wamemchora akiikumbatia. Parachichi, vitunguu, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, chokoleti, hivyo ni marufuku kabisa. Biskuti na mkate wa mtoto pia visimfikie.

Tuje kwenye masikio. Hujapigwa. Sungura wa aina hii huzaliwa masikio yakiwa hayajalala, kisha yanaanguka taratibu katika wiki na miezi ya mwanzo. Katikati hapo ni kawaida moja kulala na jingine kusimama, au yote mawili kutanda pembeni. Wengi wa hawa wadogo wadogo wana damu ya Holland Lop, aina iliyoanzia Uholanzi, ambako mfugaji Adriann de Cock alianza mwaka 1949 kuchanganya French Lop mkubwa na Netherland Dwarf mdogo.

Lakini uzuri huo una gharama yake, na anayeibeba ni mnyama. Sikio likilala, njia yake hujikunja na kuwa nyembamba, nta haitoki vizuri. Mwaka 2019 watafiti wa Royal Veterinary College ya Uingereza walilinganisha sungura 15 wa masikio yaliyolala na 15 wa masikio yaliyosimama, wakakuta wenye masikio yaliyolala wana matatizo zaidi ya masikio na ya meno. Kwa hiyo kila wiki inua sikio taratibu, tazama ndani, nusa. Harufu mbaya, usaha, magamba ya kahawia, kutikisatikisa kichwa au kukiinamisha upande mmoja, yote hayo ni kazi ya daktari. Usiingize pamba ya masikio, utaisukuma nta ndani zaidi.

Kuhusu kujificha, muelewe. Sungura ni windo. Porini kinachomnyanyua kutoka juu ni mwewe, na mikono ya binti yako inatokea hukohuko juu. Wiki hii ya kwanza mwekee boksi lenye matundu mawili, la kuingilia na la kutokea, na mtu yeyote asimtoe humo kwa nguvu. Mkalishe mtoto sakafuni, atulie, ashike jani la giligilani mkononi, amwache sungura aje mwenyewe. Akija, apapaswe kwenye paji la uso. Kumbeba bado. Sungura akirusha miguu ya nyuma bila kushikiliwa anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Mtu mzima ndiye ambebe, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umekamata makalio, amwegemeze mwilini. Masikio si mpini, usimnyanyue nayo hata mara moja. Wala usimlaze chali ukadhani ametulia. Pale amepooza kwa hofu.

Mbagala kuna joto, hasa Desemba hadi Machi, na sungura hatoki jasho kama sisi. Zaidi ya nyuzi 30 anateseka. Mchana mweke kwenye kivuli penye hewa, juu ya vigae au sakafu tupu, na chupa ya maji yaliyoganda iliyozungushiwa kitaulo aiegemee. Akihema kwa kasi mdomo wazi, au akilegea, lowanisha masikio yake kwa maji ya kawaida, si ya barafu, huku unatafuta usafiri wa kwenda kwa daktari. Usimwogeshe. Nyaya za umeme na chaja za simu ziondoe sakafuni, atazitafuna.

Na hili nalisema kwa msisitizo: usimpe dawa ya binadamu. Amoksilini ya kumezwa, ile tunayoikimbilia duka la dawa kila kikohozi, huua bakteria wema wa utumbo wake na inaweza kumuua yeye. Dawa ya viroboto wa mbwa yenye fipronili nayo ni sumu kwake.

Ukifikiria kumwongezea mwenzake, wazo ni jema, sungura hapendi upweke. Lakini daktari awapime jinsia kwanza. Wanaanza kupandana wakiwa na miezi kama minne, na mimba ni siku 31 tu. Kuhasiwa kunawasaidia wote, jike zaidi, kwa kuwa kunamkinga na saratani ya mfuko wa uzazi.

Sungura aliyetunzwa huishi miaka 8 hadi 12. Binti yako atafika sekondari akiwa naye, kwa hiyo ni mnyama wa mtoto kwa jina, ila dhamana ni yako. Leo, kabla ya usiku, fanya haya: tafuta daktari wa mifugo aliyewahi kutibu sungura, hifadhi namba yake kwenye simu, na mjaze nyasi mgeni wako. Kesho asubuhi angalia kinyesi, kisha niandikie uniambie umeona nini.