SOMO: GARI LINAPOKATAA KUWAKA ASUBUHI

Somo la leo ni kwa vikundi vyenye gari, hasa pikapu ya dizeli iliyozeeka kama yetu. Tunazungumza juu ya saa kumi na moja alfajiri: maziwa yako tayari, baridi ni kali, na gari halitaki kuamka.

Sisi tuko Kinangop, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na mwezi wa Julai huku si mchezo. Pikapu ya kikundi ilipoanza kusumbua tulisukuma. Tulipochoka kusukuma tukaanza kuilaza mteremkoni, jiwe chini ya gurudumu, ili asubuhi ijishukie yenyewe. Tulijiona wajanja. Siku moja jiwe likatolewa kabla dereva hajakaa sawasawa, gari likaondoka, na kijana aliyetoa jiwe akaruka mtaroni. Alichubuka goti tu, tunamshukuru Mungu. Lakini gari liliishia kwenye ua wa jirani, na maziwa ya jana jioni pamoja na ya alfajiri yalifika kituoni saa nne. Yalikataliwa yote.

Kamati ikaita fundi. Alifika adhuhuri, akapiga stata, gari likawaka mara moja. Akasema, "Ni betri hiyo." Tukatoa pesa za akiba, tukanunua betri mpya. Siku tatu gari likawaka vizuri, tukafurahi. Siku ya nne, ni yale yale. Kumbe usiku ule wa siku tatu kulikuwa na mawingu, na baridi ilikuwa imepungua! Tulisifu betri kwa kazi ya mawingu.

Fundi wa pili, wa jua kali pale sokoni, alikataa kuja mchana. Alisema ugonjwa wa asubuhi hupimwa asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Alipofika hakufungua hata sanduku la spana. Alimwambia dereva azungushe ufunguo, yeye akasimama kando akisikiliza. Hapo ndipo penye somo lenyewe.

Ukisikia kimya, au "tak" moja tu, umeme haufiki vya kutosha kwenye stata, au stata yenyewe ni mbovu. Ukisikia stata inazunguka polepole, kama mzee anayepanda mlima, umeme unafika lakini ni kidogo, au oili ni nzito mno kwa baridi. Na kama stata inazunguka kwa nguvu lakini moto haushiki, wacha betri. Shida iko kwa dizeli au kwa plagi za hita.

Yetu ilikuwa ya polepole. Akaweka mita kwenye betri: volti 12.6. Hiyo ni betri iliyojaa, ingekuwa 12.0 ingekuwa karibu tupu. Kisha akaweka waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na wa pili kwenye chuma cha injini, dereva akapiga stata. Mita ilipaswa kuonyesha chini ya nusu volti. Ilionyesha zaidi ya moja. Maana yake umeme ulikuwa ukipotea njiani, katika waya wa athi. Tulipofungua bolti yake tukakuta kutu tupu. Mchana, oili ikiwa nyepesi, stata ilijikaza hivyo hivyo. Alfajiri, betri yenyewe hudhoofika kwa baridi, na oili huwa kama uji.

Dawa yake haikuhitaji kununua kitu. Zima gari. Fungua kichwa cha hasi kwanza, na wakati wa kurudisha kiwe cha mwisho. Usivute sigara hapo wala usilete mshumaa, kwa maana betri hutoa gesi inayolipuka. Ule unga mweupe wa vichwani usafishe kwa kijiko cha magadi ya jikoni katika kikombe cha maji moto, bila kuruhusu maji hayo yaingie ndani ya betri. Sugua vyuma kwa msasa mpaka ving'ae, kaza sana, halafu paka grisi.

Kesho yake stata ilipiga kwa nguvu, lakini gari lilichelewa kidogo kushika, likitoa moshi mweupe. Hapo tuliangalia moshi, maana nao husema. Moshi mweupe ni dizeli inayofika ndani bila kuungua. Kwa injini kama hii, plagi za hita ndizo za kwanza kushukiwa. Tuliondoa kile chuma kinachoziunganisha, tukafunga taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, tukagusa kila plagi kichwani. Taa ikiwaka, plagi ni nzima. Mbili kati ya nne zilikuwa zimekufa. Fundi alishauri tubadilishe zote nne. Tulibadilisha mbili, kwa sababu pesa zilikuwa zimelala kwenye betri.

Kama hakuna moshi wowote, dizeli haifiki. Bonyeza ile pampu ya mkono iliyo kwenye filta. Likiwaka baada ya hapo, na kesho ni vile vile, hewa inaingia mahali na dizeli inarudi tangini usiku. Tafuta mpira uliopasuka au kibano kilicholegea.

Tunawasihi jambo moja: msipulize ile dawa ya mkebe ya kuwashia kwenye injini yenye plagi za hita, na msiwashe moto chini ya injini. Tumeona yote mawili yakifanywa. Dawa ile inaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja injini.

Kwa mkutano wenu ujao: Nani kati yenu husikia gari lenu likiwashwa kila asubuhi, na je, huulizwa na kamati? Dereva huandika wapi anayoyaona? Na kabla ya kununua kipuri cha mwisho, ni nani aliyekipima kile cha zamani, na saa ngapi?