SOMO LA TANO: HOJA YENYE NAMBA HAIPOTEI

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanachama wa ushirika wa akiba na mikopo (SACCOS) huuzingatia usemi huu katika fedha zake: hutunza stakabadhi na hukagua taarifa yake ya akiba. Inapofika kwenye malalamiko, mara nyingi husahau. Lalamiko lililotolewa kwa mdomo dirishani halina tarehe wala shahidi, na mtumishi aliyelisikia akihama, huondoka nalo.

Katika somo hili tunaeleza namna ya kuitumia rejesta ya hoja, iwe ni daftari la ofisini au mfumo wa kompyuta, ili hoja yako ifuatiliwe mpaka ipate jibu.

Rejesta ya hoja ni nini?

Ni kumbukumbu ambamo kila swali, lalamiko au pendekezo hupewa namba yake. Mbele ya namba huandikwa tarehe, maelezo ya hoja, jina la mtumishi aliyekabidhiwa, na hatua iliyofikiwa: imepokelewa, inashughulikiwa, imejibiwa au imefungwa. Hapo ndipo inapotofautiana na sanduku la maoni. Sanduku hupokea karatasi, lakini halimwonyeshi mwenye karatasi imefika wapi.

Kwa nini ni muhimu?

Tuchukue mfano. Mwajiri wako anakata Sh 50,000 kila mwezi kwa ajili ya akiba yako katika chama. Makato ya miezi 3 hayaonekani katika taarifa yako, yaani Sh 150,000. Ikiwa chama chako hukopesha hadi mara 3 ya akiba, kiwango unachoweza kukopa kimepungua kwa Sh 450,000, pengine katika msimu ule ule wa kulipa ada za shule. Na kama makato hayo yalikuwa marejesho ya mkopo, utahesabiwa kuwa umechelewa kulipa, na wadhamini wako wataanza kusumbuliwa kwa deni ambalo wewe umekwisha kukatwa.

Huenda mwajiri hakuwasilisha fedha. Huenda chama kiliziingiza katika akaunti ya mtu mwingine. Pasipo kumbukumbu, kila upande utakuelekeza kwa mwenzake. Hoja ikiwa na namba na jina la mtumishi, yupo mtu mmoja anayewajibika kukupa jibu, hata kama kosa si lake.

Jinsi ya kuandika hoja

Linganisha maelezo haya mawili:

(a) "Akiba yangu imepungua. Naomba msaada."

(b) "Makato ya Sh 50,000 ya Januari, Februari na Machi hayaonekani katika taarifa yangu ya akiba ya tarehe 10 Aprili. Nimeambatisha nakala za hati 3 za mshahara. Naomba makato hayo yaingizwe na nipewe taarifa mpya."

Maelezo ya kwanza yatazaa maswali. Ya pili yanaweza kufanyiwa kazi siku hiyo hiyo. Unapoandika, zingatia yafuatayo:

1. Andika hoja moja kwa kila namba. Ukichanganya makato na lugha mbaya ya mhudumu, moja itajibiwa na nyingine itasahaulika.

2. Taja kilichotokea, tarehe, kiasi, ushahidi ulio nao, na jambo unaloomba.

3. Usiondoke bila namba ya hoja. Iandike mahali pa salama.

4. Unapofuatilia, tumia namba ile ile. Ukifungua hoja mpya kila wiki, historia ya jambo lako itakatika.

5. Usiandike kamwe namba ya siri ya simu au ya kadi. Mtumishi halali haihitaji ili kushughulikia hoja yako.

6. Usikubali hoja ifungwe kwa sababu tu imejibiwa. Kagua kwanza taarifa mpya. Fedha zisipoonekana, omba ifunguliwe tena.

Haki yako kama mmiliki

Katika ushirika wewe ni mteja na ni mmiliki, na kila mwanachama ana kura moja, awe na akiba kubwa au ndogo. Kwa hiyo rejesta si ya kutatua jambo lako peke yako. Wanachama 20 wa mwajiri mmoja wakilalamikia makato ya mwezi mmoja, Bodi itatambua kuwa tatizo halimhusu mtu mmoja bali mwajiri mzima. Katika Mkutano Mkuu, ambao ndio chombo cha juu cha chama, uliza: hoja ngapi zilipokelewa mwaka huu, ngapi zimefungwa, na zilizobaki zinasubiri nini?

Muhtasari huo usitaje majina wala salio la mtu. Taarifa binafsi za mwanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Usipopata jibu

Anza kwa meneja, kisha Bodi au Kamati ya Usimamizi, kwa maandishi na kwa kutaja namba ya hoja. Wasipokujibu, mwone Afisa Ushirika wa halmashauri yako au Mrajis Msaidizi wa mkoa. Nenda na nakala za hoja yako na majibu yote uliyopewa. Sisi tunaopokea malalamiko hayo huanza kwa kuuliza: uliripoti lini, kwa nani, na ulijibiwa nini? Mwanachama mwenye namba hulijibu swali hilo mara moja, na shauri lake huanzia pale lilipokwama badala ya kuanza upya.

Zoezi: Chukua taarifa yako ya akiba ya miezi 3 iliyopita na uilinganishe na hati zako za mshahara. Ukiona tofauti, andika hoja kwa mfano wa (b) hapo juu. Kama chama chako hakina rejesta ya hoja, basi hiyo ndiyo iwe hoja yako ya kwanza katika Mkutano Mkuu ujao.