Somo: Kuchagua RAM Inayolingana na Kompyuta Mpakato

Mteja wa Nkwenda au Murongo anayeagiza RAM kutoka Bukoba kwa kutaja ukubwa pekee hujiweka katika hatari ya kulipia kifaa kisichoingia, kisha kugharimia usafiri wa kukirejesha. Kabla ya kuagiza, hakiki mambo manne.

Kwanza, nafasi. Baadhi ya kompyuta nyembamba zina RAM iliyolehemewa kwenye ubao mkuu, wala hazina nafasi ya kuongeza nyingine.

Pili, aina. Kwa kompyuta mpakato, DDR3 ina pini 204, DDR4 pini 260 na DDR5 pini 262. Mikato yake hutofautiana, hivyo isishindiliwe kwa nguvu. Kompyuta inayotaka DDR3L ya volti 1.35 isiwekewe DDR3 ya volti 1.5.

Tatu, ukomo. Kila kompyuta ina kiwango cha juu inachokubali. Aidha, Windows ya biti 32 kwa matumizi ya kawaida haivuki GB 4.

Nne, kasi. Vipande vya kasi tofauti vikikubaliana, vyote hufuata kilicho cha polepole.

Mtumie muuzaji picha ya lebo ya RAM iliyomo. Ukienda mwenyewe Kayanga au Bukoba, chukua kompyuta, ijaribiwe mbele yako kabla ya kulipa. Dai risiti ya EFD pamoja na maandishi yanayotaja aina ya RAM na muda wa dhamana. Bila ushahidi huo, madai yako ni vigumu kuthibitishwa.