Nani Aliyemlea Nunda?

Mwaka 1870 Edward Steere alipiga chapa mjini London kitabu cha hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja. Mojawapo ni ile ya Sultani Majinuni na mwanawe wa saba, kijana aliyependa kukaa jikoni hata akaitwa Mkaajikoni. Hadithi hii huwafurahisha watoto, lakini yawafaa zaidi wazazi.

Sultani alikuwa na paka ampendaye. Paka akala ndama. Watu waliposhitaki, sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Akazidi kula wanyama wakubwa, mwisho akala watu. Jibu likawa lile lile. Hata paka, aliyekwisha kuwa Nunda, alipowaua wana watatu wa sultani, ndipo baba alipokiri kuwa huyu ni adui. Lakini wakati wa kumfunga kamba ulikuwa umepita.

Basi mdogo wa wote akaondoka kwenda kumwinda. Kosa ni la baba, mzigo ukamwangukia mwana. Mama alimsihi akae, kwa kuwa ndugu zake watatu walikwisha kufa. Kukaa ni haki yake, maana kijana naye apenda jiko lake, usingizi wake na rafiki zake. Kwenda ni wajibu, maana Nunda asipouawa mji utaliwa. Mambo yote mawili ni mema, na hiyo ndiyo taabu yenyewe.

Hapa twapata mafundisho matatu.

Kwanza, Nunda wa nyumba zetu huanza akiwa mdogo: deni lisilotajwa, pombe ya kila jioni, ugomvi wa mpaka wa shamba. Baba asemapo, "Hayo ni mambo yangu," mwana wa miaka 15 ndiye atakayeacha shule ili alipe.

Pili, mama hakumdanganya mwanawe. Kijana alirudi na mbwa, na ngawa, na punda milia, hata tembo, akidhani kazi imekwisha. Kila mara mama akamwambia kuwa huyo siye. Lakini alimweleza alama za Nunda, na kwa alama hizo kijana akamtambua amelala msituni, akamwua. Mtoto abebaye kazi ya watu wazima yapasa aambiwe kweli: deni ni kiasi gani, na litakwisha lini.

Tatu, hakwenda peke yake. Alifuatana na watu, na baada ya kila windo alirudi kwao. Wajibu usio na msaada wala mwisho humla kijana kama Nunda mwenyewe.

Wazee husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Paka naye ni vivyo hivyo. Basi, ewe mzazi, kabla ya kumwambia kijana wako kwamba wajibu unamwita, jiulize ni nani aliyemlea Nunda. Kisha shika mkuki, utangulie wewe.