SOMO LA WIKI: Gesi, haibridi na hesabu ya Hiace ya Kifaru

Wamiliki wa magari ya abiria katika njia ya Same – Kifaru – Moshi wanashauriwa kupiga hesabu kabla ya kubadili mfumo wa mafuta. Bei kikomo za EWURA hutangazwa kila mwezi, na mafuta ndiyo gharama kubwa ya kila siku.

Tuchukue mfano. Hiace ya petroli inatembea kilomita 200 kwa siku, kilomita 8 kwa lita. Inatumia lita 25. Kwa Sh. 3,000 kwa lita, ni Sh. 75,000 kwa siku.

Gesi asilia: Ikiokoa asilimia 40, ni Sh. 30,000 kwa siku. Mfumo wa Sh. 2,500,000 unarudisha fedha zake kwa siku 84 za kazi. Lakini gesi hiyo hutoka Songo Songo na Mnazi Bay, na vituo vya kwanza vilijengwa Dar es Salaam, takriban kilomita 500 kutoka Kifaru. Mabasi ya mwendokasi ya Mbagala yaliyoanza kutumia gesi mwaka 2025 yako karibu na bomba. Pasipo kituo njiani, mtungi ni mzigo tu unaopunguza nafasi ya mizigo.

Haibridi: Mota ya umeme hurudisha nguvu inayopotea gari linapofunga breki. Faida yake ni kubwa mjini, kwenye foleni na vituo vya karibu karibu. Katika barabara kuu iliyonyooka hupungua. Gari likiwa ghali zaidi kwa Sh. 6,000,000 na kuokoa asilimia 10, yaani Sh. 7,500 kwa siku, fedha zitarudi baada ya siku 800. Likiokoa asilimia 30 mjini, ni siku 267.

Jambo linalosahauliwa ni hili: nani anapata akiba? Pale ambapo dereva hununua mafuta na kumletea tajiri hesabu ileile kila jioni, akiba yote hubaki kwa dereva, huku mkopo ukilipwa na tajiri. Hivyo hesabu mpya ikubaliwe kwanza, iandikwe, ndipo fundi aitwe.

Kwa mwenye mtaji mdogo wa Kifaru, hatua ya kwanza isiyo na gharama ni daftari: kilomita, lita na mapato, kwa siku 30.